Kizingiti cha Kodi, Mfuko wa Ruzuku na Mtu wa Katikati

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia



Wapendwa viongozi wa halmashauri za walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama na akina baba, vijana wetu: nimeombwa niseme nanyi juu ya kodi. Najua jinsi neno hili linavyopokelewa. Likitajwa, mfanyabiashara hushika mfuko, mfanyakazi huguna, na aliyebaki husema kwamba mambo hayo ni ya wahasibu, padre na atuachie, yeye ashughulike na Misa. Lakini anayeketi ofisini kusikiliza shida za waamini hugundua upesi kwamba nyingi zinazoitwa shida za ndoa, za ada na za madeni huanzia mwisho wa mwezi, siku ile mshahara unapopokelewa na kuisha.

Mada yangu ni finyu. Sitasema habari za ushuru wa bandarini wala kodi za makampuni makubwa. Nitasema juu ya mtu mwenye mshahara mdogo hapa kwetu Tanzania, na mambo mawili yanayomhusu: kiwango cha mshahara ambacho chini yake hatozwi kodi ya mapato, na misaada ambayo dola huwapa wasiojiweza. Kwa kawaida mambo haya hujadiliwa na watu tofauti, katika ofisi tofauti, kwa lugha tofauti. Leo tuyaweke juu ya meza moja, kwa maana yupo mtu anayeanguka katikati yake, naye ni muumini wetu.

Tuanze na kodi. Kodi ya mshahara, ambayo wengi tunaiita PAYE, maana yake ni lipa kadiri unavyopata. Mwajiri huikata kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, akaipeleka Mamlaka ya Mapato. Chini ya kiwango fulani mtu hakatwi kitu. Kiwango hicho nakiita kizingiti: anayebaki nje yake yuko salama, anayekivuka huanza kulipa. Kwa Tanzania Bara kizingiti hicho kiliwekwa shilingi 270,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2020. Mwaka uliofuata asilimia ya daraja la kwanza ilipunguzwa kutoka 9 hadi 8, na tangu jedwali hilo la 2021 hesabu ni hii: kutoka 270,000 hadi 520,000, asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000, hadi 760,000, asilimia 20, hadi milioni moja, asilimia 25, juu ya milioni moja, asilimia 30.

Niondoe kwanza kosa moja linalozunguka vijiweni na hata katika vyumba vya walimu. Wapo wanaoamini kwamba mshahara ukivuka mstari kwa shilingi moja tu, mshahara wote hutozwa kwa kiwango cha juu, na hivyo afadhali mtu asipandishwe cheo. Sivyo. Asilimia ya juu hugusa ile sehemu iliyozidi mstari tu. Anayepata 530,000 hatozwi asilimia 20 ya 530,000, bali ya zile 10,000 zilizozidi 520,000. Hakuna mtu anayekuwa maskini zaidi kwa kuongezewa mshahara kwa sababu ya jedwali hili. Nasema hivyo ili tukianza kulilaumu tulilaumu kwa haki.

Basi sasa tulilaumu.

Kasoro yake kubwa ni kwamba kizingiti hakitembei. Mishahara hupanda, bei hupanda, nauli hupanda, lakini kizingiti hukaa pale kilipowekwa mpaka siku mtu fulani akumbuke kukiinua. Mwaka 2012 kilitolewa 135,000 kikapelekwa 170,000, kisha kikakaa hapo miaka minane mpaka 2020. Ni kweli, na tuseme ukweli wote, kwamba katika miaka hiyo serikali ilipunguza asilimia ya daraja la kwanza hatua kwa hatua kutoka 14 hadi 9. Jambo hilo liliwasaidia waliokwisha kuvuka. Lakini halikuzuia watu wapya kuvukishwa kila mwaka, pasipo Bunge kupitisha neno lolote juu yao.

Tuchukue mfano, na mwenye kalamu aandike pamoja nami. Tumtazame mhudumu wa ofisi ya serikali anayepata kima cha chini. Kabla ya kukokotoa kodi, hutolewa kwanza mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa mtumishi wa umma ni asilimia 5.

Katika nusu ya pili ya mwaka 2020 kima cha chini serikalini kilikuwa 300,000. Toa mchango wa 15,000, inabaki 285,000. Kilichozidi kizingiti ni 15,000. Asilimia 9 yake ni shilingi 1,350. Ndiyo kodi yake ya mwezi: bei ya kitu kidogo dukani.

Julai 2022 kima cha chini kilipandishwa hadi 370,000. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana walikuwa wamengoja miaka mingi. Toa mchango, inabaki 351,500. Kilichozidi kizingiti ni 81,500. Kwa asilimia 8, kodi ni 6,520.

Mei Mosi ya 2025 ikatangazwa nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini kikawa 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Toa mchango wa 25,000, inabaki 475,000. Kizingiti kiko palepale, 270,000. Kilichozidi ni 205,000, na kodi ni shilingi 16,400 kwa mwezi.

Sasa mzilinganishe namba hizo. Kutoka 2020 hadi 2025 mshahara wa mtu huyu umeongezeka kwa theluthi mbili. Haujafika hata mara mbili. Kodi yake imeongezeka zaidi ya mara kumi na mbili. Na hapo katikati asilimia ilipunguzwa! Hakuna waziri aliyesimama bungeni kusema, “Sasa tunamwongezea kodi mhudumu wa ofisi.” Hakuhitaji kusema. Ilitosha kukiacha kizingiti kilale. Kwa mwaka mzima kodi hiyo ni shilingi 196,800, na kwa mtu wa kima cha chini fedha hizo ni sare za shule, madaftari na viatu vya watoto watatu, na pengine hubaki za mabati mawili matatu.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Uingereza, nchi yenye wahasibu wengi kuliko sisi, iliganda kwa makusudi kizingiti chake katika pauni 12,570 kwa mwaka tangu 2021, na bajeti yao ya Novemba 2025 ikaongeza muda wa kuganda hadi 2031. Kule wananchi walau huambiwa waziwazi kwamba serikali inakusanya fedha kwa njia hiyo, na magazeti huihesabu. Kwetu jambo hupita kimya, kwa kuwa wengi wetu hatusomi hati zetu za mshahara zaidi ya mstari wa mwisho.

Sekta binafsi nayo imefika hapo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini ambacho kwa wastani wa sekta zote kilikuwa 275,060. Mtu wa mshahara huo, akishatoa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi, hubakiwa na 247,554, naye hakatwi kodi. Amri mpya iliyoanza Januari 2026 imepandisha wastani huo kwa asilimia 33.4 hadi 358,322. Toa asilimia 10, hubaki kama 322,490. Kizingiti kimevukwa kwa 52,490, na kodi ni kama 4,200. Si fedha nyingi. Lakini angalieni maana yake: kima cha chini ni mshahara ambao sheria yenyewe inakiri kwamba chini yake mtu hawezi kuishi kwa heshima. Ikiwa ni hivyo, kwa hoja gani dola hiyohiyo inachota ndani yake?

Hapa ndipo mafundisho ya Kanisa yanapogusa hesabu. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alifundisha kwamba mzigo wa kodi hauna budi kulingana na uwezo wa anayeubeba. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliona mshahara wa haki kuwa ule unaomwezesha mtu mzima mwenye kazi kuanzisha familia na kuitunza, ama kwa mshahara wenyewe, ama kwa misaada ya kijamii inayoongezwa juu yake, kama posho za watoto. Ama hiki, ama kile. Familia isikose vyote viwili.

Tukilitazama jedwali letu kwa macho hayo, tunaona kasoro ya pili. Jedwali halimwulizi mtu ana watu wangapi nyumbani. Kijana asiye na mke anayekaa kwa wazazi wake, na mjane mwenye watoto watano na mama mkwe mgonjwa, wakipata mshahara ule ule hukatwa kodi ile ile hadi senti ya mwisho. Mamlaka ya Mapato haina mahali pa kuandika jina la mtoto. Sisemi kwamba ni rahisi kulirekebisha. Katika nchi ambamo kila mwenye mshahara anasomesha watoto wa ndugu, tukisema kila tegemezi apunguze kodi, kesho kila mtu atakuwa na tegemezi kumi na wawili kwenye karatasi. Mnacheka, lakini mnajua ni kweli. Hata hivyo, ugumu wa kupima si sababu ya kujifanya kwamba tofauti haipo. Pale ambapo kodi haiwezi kuitambua familia, ruzuku ingepaswa kuitambua.

Je, inaitambua? Twende sasa upande wa pili wa meza.

Msaada mkubwa wa fedha taslimu tulio nao Bara ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2000, ukianza na miradi ya shule, zahanati na visima. Mpango wa kulipa kaya moja kwa moja ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Katika kipindi cha kwanza kaya ilipewa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa kidogo kwa ajili ya watoto wanaokwenda kliniki na shule, na jumla haikuruhusiwa kupita 38,000. Wenye nguvu walipewa pia kazi za muda kwa ujira wa 2,300 kwa siku. Baadaye viwango viliinuliwa kiasi.

Mimi si miongoni mwa wanaoudharau mpango huu. Nimewasikia watu wenye kipato kizuri wakisema kwamba unawafanya maskini kuwa wavivu. Shilingi 38,000 kwa mwezi, kwa nyumba nzima, humfanya nani kuwa mvivu? Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba mtu mzima mmoja alihitaji shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mahitaji ya msingi tu, na kwamba Watanzania 26 kati ya kila 100 waliishi chini ya hapo. Fedha hizo ndogo zimenunua kuku, mbuzi na madaftari. Zimemtoa mtoto shambani zikampeleka darasani. Kinachonisumbua ni kwamba mpango umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mikopo ya Benki ya Dunia na fedha za wafadhili. Bado haujawa haki ya raia iliyosimama juu ya kodi zetu wenyewe. Unaweza kufika mwisho wa kipindi chake, kaya ikaambiwa imehitimu, na huko kuhitimu kukategemea kalenda ya mradi kuliko sufuria ya mlengwa.

Tena mpango huu ulikusudiwa kwa kaya maskini kupindukia. Majina hupendekezwa na mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hupimwa kwa dodoso la mali na hali ya nyumba. Kaya ambayo mmoja wake ana kazi ya mshahara wa kila mwezi haina nafasi hapo, na ni sawa, kwa maana wapo wenye shida kubwa zaidi. Lakini ndivyo anavyotokea yule niliyemwita mtu wa katikati. Ana mshahara, kwa hiyo si mlengwa. Mshahara wenyewe umevuka kizingiti, kwa hiyo ni mlipa kodi. Dola inamfahamu kwa mkono unaochukua; mkono unaotoa haujawahi kusikia jina lake.

Mmoja wenu aliniuliza kama kweli mtu wa 270,000 anaweza kuitwa maskini. Tupige hesabu tena. Tukichukua ile 49,320 ya mwaka 2018, na kaya ya watu watano tukiwahesabu wote kama watu wazima, mahitaji ya msingi ni 246,600. Kwa watu sita ni 295,920. Wataalamu huwahesabu watoto kwa sehemu tu, kwa hiyo hesabu yangu imezidisha kidogo. Lakini hizo ni bei za 2018, kabla mafuta ya kula na mchele havijapanda kama tulivyoona. Kwa hiyo kizingiti chetu kiko jirani kabisa na mstari wa umaskini wa familia yenye mshahara mmoja. Mtu anaanza kulipa kodi ya mapato akiwa bado hajatoka vizuri kwenye umaskini.

Na je, aliye chini ya kizingiti halipi kodi? Hulipa sana, ila haoni risiti yenye jina lake. Sabuni, sukari, vocha ya simu: humo mna asilimia 18 ya ongezeko la thamani. Mwaka 2021 tulionja tozo za miamala ya simu, na kilio kilikuwa kikubwa hata zikapunguzwa ndani ya miezi michache. Mwaka huohuo kodi ya majengo iliingizwa kwenye umeme wa LUKU. Kisheria ni kodi ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na mpangaji gani wa chumba kimoja atathubutu kumwambia mwenye nyumba amrudishie? Mama ntilie naye ana kizingiti chake, mauzo ya shilingi milioni nne kwa mwaka, ambayo ni kama 333,000 kwa mwezi. Tafadhali sikieni vizuri: ni mauzo, si faida. Ukitoa mchele, mkaa na nyanya, kilichobaki mkononi mwake kinaweza kuwa kidogo kuliko mshahara wa yule mhudumu tuliyemhesabia.

Yuko mwingine aliye chini zaidi, naye hana kizingiti wala ruzuku: msichana wa kazi za nyumbani. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, ilimwekea anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Hatozwi kodi ya mapato, bila shaka. Lakini kijijini kwao hahesabiwi, kwa kuwa ameondoka. Mjini hana kaya, kwa kuwa analala kwenye kaya ya mwajiri. Tukiinua kizingiti hata kufikia milioni moja, yeye hataongezewa hata senti. Nalitaja hili kwa sababu tunapodai kodi ipungue, tunajidai wenyewe tulio na mishahara. Haki yake inadaiwa mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo ni sebuleni kwetu. Wengi mlioketi hapa ni waajiri. Je, msichana huyo analipwa hata hizo 60,000 zote? Anachangiwa kwenye mfuko wa hifadhi, ili siku akipata mimba au akiachishwa kazi awe na fao? Na mlinzi wa parokia, na mpishi wa masista, na mhudumu wa shule yetu ya chekechea? Fao la uzazi na fao la kupoteza ajira ni haki zinazotegemea jambo moja dogo: mwajiri kupeleka michango. Fedha ikikatwa na isipelekwe, huo ni ujira uliozuiliwa, na Mtume Yakobo katika sura ya 5 ya barua yake amekwisha kusema nini husikika mbinguni kwa ajili hiyo.

Kwamba ruzuku inaweza kutolewa kama haki, na si kama mradi, tumeonyeshwa na ndugu zetu wa Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa Zanzibar aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii kutoka hazina ya serikali yenyewe, awe alikuwa mvuvi, mkulima au karani. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna dodoso la kuuliza ana kuku wangapi. Kuna umri tu. Mwenye mshahara mdogo anayewatunza wazazi wake hupumua, na mzee hupata kitu chake mwenyewe mkononi, asiombe hata nauli ya kwenda hospitali. Huku Bara mzee aliyelima maisha yake yote hana pensheni ya namna hiyo, na mzigo wake unabebwa na nani? Na mwanawe mwenye 370,000, ambaye jedwali la kodi halimwulizi habari za wazazi.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Serikali inahitaji fedha. Elimu bila ada tangu 2016 si bure, kuna anayeilipia. Walipa kodi ya mshahara ni wachache, na ni rahisi kuwakata kuliko kumfuata mfanyabiashara asiyetoa risiti. Kizingiti kikiinuliwa, nafuu haimwendei mdogo peke yake: kikipelekwa 500,000 na madaraja mengine yakiachwa yalivyo, kila aliye juu ya hapo, hata mkurugenzi, ataokoa 18,400. Hayo yote nakubali. Lakini jedwali lina mwisho wa ajabu kwa juu. Daraja la mwisho huanzia milioni moja, na kutoka hapo asilimia ni 30 kwa wote: kwa aliyepata milioni moja na laki moja, na kwa aliyepata milioni ishirini. Ngazi ina vipandio vinne vilivyobanana chini, kwa watu wanaopishana laki mbili laki tatu. Juu, ambako watu hupishana kwa mamilioni, hakuna kipandio hata kimoja. Nafuu ya mdogo ingeweza kutafutwa huko.

Ninachopendekeza tukidai ni kimoja, nacho ni cha kawaida: sheria ifunge kizingiti kwenye kima cha chini cha mshahara wa serikali, ili kila Mei Mosi nyongeza inapotangazwa, kizingiti kiinuke siku ileile bila kungoja huruma ya mtu. Vyama vya wafanyakazi vimekuwa vikiomba nafuu ya PAYE mwaka baada ya mwaka katika sherehe hizo. Sauti yao imezoeleka. Ikisikika pia kutoka kwa akina mama wa WAWATA na kwa wazee wa jumuiya, haitazoeleka upesi.

Njia zipo. Bajeti husomwa Juni, lakini Wizara ya Fedha huanza kupokea mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla, na Muswada wa Sheria ya Fedha ukishachapishwa, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wananchi kabla haujapitishwa. Anayengoja kusikiliza hotuba ya bajeti redioni amekwisha kuchelewa. Kwa upande wa ruzuku, mahali petu ni mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa. Majina ya kaya hupendekezwa hapo, mbele ya wote, na mkutano usiohudhuriwa huandikiwa majina na wachache waliohudhuria. Halmashauri ya walei ijue tarehe ya mkutano huo kama inavyojua tarehe ya mavuno ya parokia.

Kwa kikao chetu kijacho naomba mambo mawili. Kila kanda ilete hati tano za mshahara, za walimu, wauguzi, walinzi na wahudumu, majina yakiwa yamefunikwa kwa karatasi, ili tukokotoe kodi ya kila moja kwa jedwali hili na kuona kama mwajiri amekata sawasawa na kama michango ya mfuko imepelekwa. Na kamati ya fedha ya parokia ilete daftari la mishahara ya watumishi wetu wenyewe. Tutaanza na hilo.